Nyota Nazo Husomwa



Ulipoanza darasa la kisomo, ukurasa wa kitabu ulikuwa umejaa alama nyeusi ambazo hazikukuambia kitu. Baadaye ukajifunza kwamba hii ni a, ile ni ba, na zile alama zikaanza kusema. Leo tunataka kukuonyesha kitabu kingine. Hiki hakiuzwi dukani, hakiliwi na mchwa, wala huhitaji taa ili ukisome. Tena taa ndiyo inayokiharibu. Kitabu hicho ni anga la usiku.

Wengi wetu tumezoea kusema kwamba mambo mazuri yote yako mjini. Kweli, mjini kuna lami, hospitali kubwa na maduka. Lakini kuna mali moja ambayo mjini imekwisha, na kijijini bado ipo tele. Mtu wa Dar es Salaam akitazama juu usiku ataona nyota makumi tu. Wewe uliye kijijini mbali na taa, usiku usio na mwezi, unaweza kuona nyota kati ya 2,000 na 3,000 kwa wakati mmoja, tena kwa macho matupu.

Mwaka 2016 wataalamu walitoa ramani ya anga la usiku la dunia nzima. Ramani hiyo ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya binadamu wote hawawezi kuona Njia Nyeupe, ule mkanda wa weupe unaokata anga, kwa sababu ya mwanga wa taa. Yaani kati ya watu watatu, mmoja hajui kitu ambacho mtoto wako anakiona akitoka kwenda kufunga mbuzi.

NYOTA ZA MJINI ZIMEKWENDA WAPI?

Hazikwenda popote. Washa tochi saa 6 mchana uimulike ukutani. Mwanga wake huuoni vizuri. Je, tochi imezimika? Hapana, jua limeuzidi nguvu. Nyota nazo ziko juu yetu hata mchana, ila mwanga wa jua unazifunika.

Mjini, kazi hiyo ya kufunika inafanywa usiku na taa. Mwanga wa taa unapopanda juu hupiga vumbi, moshi na mvuke ulio hewani, kisha hutawanyika. Anga likawa kama limepakwa chokaa. Ukiwa kijijini, tazama upande uliko mji mkubwa wa karibu. Utaona weupe umekaa pale chini ya anga kama kunakucha. Huo ni mwanga uliopotea bure. Umelipiwa, na haumuliki njia ya mtu yeyote.

JINSI YA KUTAZAMA

Kazi hii haitaki fedha. Fuata mambo haya:

1. Chagua usiku wa giza, yaani siku ambazo mwezi haupo au umeshazama. Mwezi mpevu ni mzuri kwa safari na mazungumzo, lakini hufunika nyota nyingi.

2. Chagua majira ya anga safi. Katika mikoa ya kati na magharibi ya Tanzania, miezi ya Juni hadi Septemba ni mizuri sana, isipokuwa pale penye moshi wa kuchoma mashamba.

3. Usiende mbali. Uwanja wa nyumba yako unatosha. Angalia kwanza kama hapana nyoka wala nge, kisha tandika mkeka ulale chali. Jifunike shuka, maana mbu nao hawalali.

4. Zima taa na simu. Hapa wengi hukosea. Jicho lako linahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. Ukiwasha simu mara moja tu kusoma ujumbe, jicho linarudi nyuma na itabidi uanze tena. Kama ni lazima uwe na mwanga, funga kitambaa chekundu kwenye tochi. Mwanga mwekundu hafifu hauliumizi jicho lililozoea giza.

5. Nyota hafifu usiikazie macho. Tazama pembeni yake kidogo, nayo itajitokeza. Jambo hili linashangaza lakini ni kweli. Sehemu ya katikati ya jicho ni hodari mchana. Sehemu za pembeni ndizo hodari usiku.

Hapa tuongeze neno moja kwa wazazi. Mkiwa nje na watoto jioni, angalia kama kuna mtoto ambaye giza likianza tu hujikwaa, hupapasa, au husema haoni nyota ambazo wenzake wanazihesabu. Usimcheke wala usimwite mzembe. Huenda ana upofu wa usiku, ambao mara nyingi huletwa na upungufu wa vitamini A. Ugonjwa huo ukiachwa unaweza kuharibu jicho kabisa, na hupunguza nguvu ya mwili kupambana na maradhi mengine. Mpeleke zahanati mapema. Nyumbani, mtoto apate mboga za majani, mapapai na maembe yaliyoiva, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, mayai, na maini kila yanapopatikana. Basi kutazama nyota kumbe kunaweza hata kuokoa jicho la mtoto.

NYOTA NI NINI?

Nyota ni jua. Ndiyo, kila nyota ni moto mkubwa kama jua letu, na nyingine ni kubwa kuliko jua letu mara nyingi sana. Zinaonekana ndogo kwa sababu ziko mbali.

Ni mbali kiasi gani? Tuchukue baiskeli. Tuseme unaendesha kilometa 15 kwa saa, usiku na mchana, bila kulala wala kuziba pancha. Kufika mwezini, umbali wa kilometa kama 384,000, ungetumia karibu miaka mitatu. Kufika kwenye jua, kilometa milioni 150, ungetumia zaidi ya miaka 1,100. Na hilo ni jua, jirani yetu. Kwenye nyota baiskeli haifai tena hata kwa mfano.

Kwa hiyo wataalamu hutumia mwanga kupimia. Mwanga hukimbia kilometa 300,000 kwa kila sekunde. Kutoka mwezini unatufikia kwa sekunde moja na kidogo. Kutoka kwenye jua ni dakika 8 na kidogo. Kutoka kundi la nyota za jirani zaidi, ambalo tunaliona upande wa kusini, ni zaidi ya miaka 4. Kutoka Kilimia ni miaka kama 440. Mwanga wa Kilimia utakaouona wewe uliondoka huko katika zama za Wareno, karibu na wakati walipojenga Ngome ya Yesu kule Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Tangu siku hiyo haukupumzika, na safari yake imeishia ndani ya jicho lako.

Rangi nazo zina maana. Mhunzi anajua kwamba chuma kikipata moto huwa chekundu kwanza, na kikizidi kupata moto huelekea kuwa cheupe. Nyota ni hivyo hivyo. Nyekundu ina joto dogo kuliko nyeupe, na ile yenye weupe wa kibuluu ndiyo kali zaidi.

Si kila kinachong'aa ni nyota. Nyingine ni sayari, yaani ndugu za dunia yetu zinazolizunguka jua. Hazina mwanga wao, zinaangazwa na jua tu kama mwezi. Utazitambuaje? Nyota humetameta, lakini sayari hutulia. Ile inayong'aa kuliko zote ni Zuhura. Wengine huiita nyota ya jioni, wengine nyota ya alfajiri, wakidhani ni mbili. Ni moja tu. Kuna miezi hufuata jua jioni, na kuna miezi hulitangulia asubuhi.

TUSOME MAJIRA KWA MAJIRA

Dunia hulizunguka jua mara moja kwa mwaka. Kwa sababu hiyo kila nyota huchomoza dakika 4 mapema kuliko jana yake. Kwa mwezi mmoja zinakuwa saa 2. Ndiyo maana nyota za Januari si zile za Julai. Anga lina kurasa zake, nazo hufunguliwa kwa zamu.

Desemba hadi Aprili, jioni, tafuta nyota tatu zilizopangwa mstari mmoja, zinazolingana kwa ukubwa na kwa nafasi. Huo ni mkanda wa Jabari. Nyota hizo tatu huchomoza karibu kabisa na mashariki ya kweli na kuzama karibu kabisa na magharibi ya kweli. Jua lenyewe haliko hivyo mwaka mzima, maana mwezi Juni linaelekea kaskazini na Desemba linaelekea kusini. Kwa hiyo ukipotea porini usiku, mkanda wa Jabari unapochomoza au kuzama utakuonyesha upande sawasawa. Fuata mstari wake upande mmoja, utafika kwenye Shira, nyota inayong'aa kuliko nyota zote za usiku. Fuata upande wa pili, utapita nyota moja yenye wekundu na kufika kwenye Kilimia.

Mwezi Mei, yapata saa 3 usiku, tazama kusini. Utaona nyota nne zilizokaa kama msalaba uliosimama. Hiyo ni Salibu. Pembeni yake, upande wa kushoto, kuna nyota mbili kali zinazoifuata. Ukivuta mstari wa ule mti mrefu wa msalaba kutoka juu kwenda chini, mara nne na nusu ya urefu wake, umefika kwenye ncha ya kusini ya anga. Shuka moja kwa moja mpaka chini. Pale ndipo kusini. Wenzetu wa nchi za kaskazini wana nyota yao inayokaa kaskazini daima, ambayo mabaharia wa pwani waliiita jaa. Sisi tulio chini ya mstari wa ikweta hatuioni, imefichwa na dunia yenyewe. Lakini Salibu inatutosha.

Juni hadi Septemba ndiyo sherehe. Juu ya kichwa utaona Nge, na kwa kweli amefanana na nge, mpaka mkia uliojikunja, na katika kifua chake kuna nyota nyekundu. Hapo ndipo Njia Nyeupe inapokuwa nene kuliko kwingine. Si wingu wala si moshi. Fikiri kwamba wewe ni chembe ndogo ndani ya chapati. Ukitazama juu au chini, unga ni mwembamba. Ukitazama kuelekea ukingoni, unga ni mwingi. Jua letu limo ndani ya chapati moja kubwa sana yenye nyota zaidi ya bilioni 100. Tunapotazama kuelekea unene wake, nyota zinakuwa nyingi na mbali mno, mwanga wake unachanganyika, tunaona weupe mtupu.

Mwezi Desemba, saa 3 usiku, tazama tena kusini. Utaona vipande viwili vya weupe kama mawingu madogo, lakini upepo hauvisogezi. Hizo ni chapati nyingine, yaani makundi mengine ya nyota nje ya kundi letu. La karibu lina umbali wa miaka kama 160,000 kwa mwendo wa mwanga. Mwezi Februari 1987, ndani ya kipande hicho, nyota moja ililipuka hata ikaonekana kwa macho matupu. Kule Chile, mtaalamu Ian Shelton aliigundua kwenye picha iliyopigwa kwa darubini. Lakini usiku uleule mfanyakazi wa kuendesha darubini, Oscar Duhalde, alikuwa ametoka nje, akatazama juu, akaona pana nyota isiyokuwapo zamani. Hakutumia chombo chochote. Alilijua anga lake kama mchungaji anavyolijua kundi lake, kwamba huyu ng'ombe si wa kwetu.

JE, KILIMIA KINALETA MVUA?

Sasa tufike kwenye jambo linalogusa chakula chetu. Kilimia ni kifungu cha nyota ndogo zilizosongamana. Wengi huziona sita, wenye macho makali huona saba au zaidi, ingawa katika kifungu chote ziko zaidi ya 1,000. Jina lenyewe linatokana na kulima. Watu wa pwani wana msemo kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Katika kikundi kimoja cha kisomo cha mikoa ya kati, jambo hili liliwahi kuzua ubishi mkali. Mzee mmoja alieleza kwamba zamani wakiona Kilimia kinatoka mashariki jua likizama, walijua mvua iko njiani. Kijana mmoja hakukubali.

"Babu," alisema, "mwaka juzi Kilimia kilitoka, tukapanda. Mvua ikanyesha siku mbili, ikakata. Mbegu zote zikafa. Hicho Kilimia chako kilitudanganya."

"Mjukuu wangu," mzee akajibu, "Kilimia hakikukwambia upande. Kilikwambia unoe jembe."

Wanakisomo walicheka sana, lakini jibu hilo lina elimu kubwa. Tulieleze vizuri.

Kilimia ni kalenda. Mwanzoni mwa Mei hupotea, kwa sababu jua limepita mbele yake. Mwezi Juni hurudi kuonekana alfajiri upande wa mashariki. Katikati ya Novemba huchomoza jioni, mara giza linapoingia. Hali hii haibadiliki mwaka hadi mwaka. Basi mtu asiye na kalenda ya karatasi akiona Kilimia kinachomoza jioni anajua kwa hakika kwamba Novemba imefika, nao ndio wakati ambao mvua za mikoa ya kati kwa kawaida hukaribia kuanza. Wazee waligundua hivyo kwa kutazama miaka mingi. Huo si ushirikina. Ni utafiti.

Lakini mvua haitoki kwenye Kilimia. Mvua huletwa na pepo na mvuke, na hasa na joto la maji ya bahari. Bahari zikipata joto kuliko kawaida, au pungufu, mvua zetu hubadilika. Mwaka 1997 na mwaka 2023 mvua za El Nino zilizidi, na sehemu nyingi za Afrika Mashariki zilipata mafuriko. Miaka mingine, kama 2022, sehemu nyingi ziliingia kwenye ukame. Miaka yote hiyo Kilimia kilichomoza siku zake zilezile, hakikuchelewa wala kuwahi. Ni kama saa ya ukutani. Inakwambia basi hufika saa 2. Haikwambii kama basi limeharibika njiani.

Kwa hiyo tufanye hivi. Kilimia kikitoka jioni, tengeneza shamba, chagua mbegu, noa jembe. Halafu sikiliza redioni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo hutoa utabiri wa kila msimu: wa Vuli, wa Masika, na wa mikoa inayopata msimu mmoja wa mvua kuanzia Novemba hadi Aprili. Muulize bwana shamba au bibi shamba mbegu ipi inafaa kwa mvua iliyotabiriwa. Usimwage mbegu yote kwa mvua ya kwanza kabla udongo haujalowa vya kutosha. Mzee na kijana wakikaa pamoja, mmoja na nyota zake na mwingine na redio yake, shamba litafaidika. Wakibishana, atakayeumia ni tumbo.

VIMONDO NA TAA ZINAZOTEMBEA

Ukitazama anga nusu saa, huenda ukaona mstari wa moto unapita na kupotea. Watu husema nyota imeanguka, na wengine huogopa kwamba mtu mkubwa amekufa. Tusiogope. Nyota haianguki. Ni kimondo, yaani kijiwe, mara nyingi kidogo kama punje ya mchanga, kinachoingia hewani kwa kasi kubwa mno na kuungua juu sana, kilometa 80 au 100 kutoka tulipo. Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Desemba kila mwaka vimondo huwa vingi. Kama mwezi haupo na mawingu hayapo, kesheni baada ya saa 6 usiku mvihesabu.

Mara chache sana jiwe huwa kubwa na kufika chini. Tunalo moja hapa Tanzania, wilayani Mbozi, mkoa wa Songwe. Kimondo cha Mbozi kina urefu wa kama mita 3, na sehemu yake kubwa ni chuma. Wenyeji walikijua kabla hakijaandikwa na wageni mwaka 1930. Nenda ukaguse kitu kilichotoka nje ya dunia.

Utaona pia nuru ndogo inayotembea taratibu bila sauti na bila kuwakawaka. Hiyo si ndege, ni setilaiti. Ya kwanza ilirushwa na Urusi ya Kisovieti tarehe 4 Oktoba 1957. Sisi wa Afrika Mashariki tunayo historia yetu hapa. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti moja ilirushwa kutoka kwenye jukwaa lililo baharini karibu na Malindi, ikachunguze mionzi inayotoka kwenye nyota. Kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Kwa hiyo neno letu la Kiswahili limeandikwa katika vitabu vya elimu ya nyota duniani kote. Na tangu mwaka 2019 watu huona mara nyingine msururu wa nuru nyingi zikifuatana kama siafu. Hao si majini. Ni setilaiti za mawasiliano zilizorushwa kwa pamoja.

UMEME UJE, GIZA NALO LIBAKI

Umeme unafika vijijini, na sisi tunaushangilia. Mama ajifungue penye mwanga, mtoto asome, mashine isage. Hakuna anayetaka kurudi kwenye kibatari. Lakini mwanga ukitumiwa ovyo, katika miaka michache kijiji kitapoteza anga lake kama mji ulivyopoteza, na hakuna atakayekumbuka siku lilipopotea.

Tena si sisi tu tutakaopoteza. Kwenye fukwe zetu, watoto wa kasa wanapototolewa usiku hufuata weupe wa bahari. Wakiona taa nchi kavu hugeuka huko na kufa. Wadudu huzunguka balbu mpaka asubuhi badala ya kuchavusha maua. Hata yule mdudu mweusi anayeviringisha kinyesi cha ng'ombe anazihitaji nyota. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden na Afrika Kusini walionyesha kwamba hutumia Njia Nyeupe ili aende moja kwa moja na donge lake. Walipomvisha kikofia kidogo cha kuziba anga, alizungukazunguka kama aliyepotea. Mdudu huyo ndiye anayeingiza mbolea ardhini bure, bila mshahara.

Kinga yake ni rahisi, nayo inapunguza matumizi ya umeme:

1. Taa imulike chini. Weka kifuniko juu ya balbu ya nje, hata cha bati la kopo. Hakuna anayetembea mawinguni.

2. Washa pale panapohitajika, na zima unapokwenda kulala.

3. Nje tumia balbu ya rangi ya manjano yenye nguvu kiasi. Ile nyeupe kali sana huumiza macho, na nyuma yake huacha kivuli cheusi ambamo mwizi hujificha.

4. Serikali ya kijiji inapopanga taa za barabarani, za shule au za zahanati, ulizeni mapema katika mkutano kama zina kifuniko. Kubadilisha baadaye ni gharama.

Nchi nyingine za Afrika zimekwisha kuona kwamba giza safi ni mali. Afrika Kusini ilitunga sheria mwaka 2007 ya kulinda maeneo ya kuchunguzia anga. Namibia ina hifadhi ya NamibRand, iliyotambuliwa mwaka 2012 kuwa hifadhi ya anga la giza, na wageni hulipa fedha kwenda kuona kile ambacho wewe unakiona ukitoka nje tu.

KAZI YA KILA MWANAKISOMO

Kila kabila lina majina yake ya nyota, na hadithi zake, na mafunzo yake. Mengi hayajaandikwa popote. Yamo vichwani mwa wazee, na mzee akienda, yanakwenda naye. Wewe unajua kuandika. Basi chukua daftari na kalamu, mwamkie bibi au babu kwa heshima, kaa naye nje usiku mmoja wa giza, umwombe akuonyeshe. Andika jina la nyota kwa lugha yenu, mwezi inapoonekana, upande inapotokea, na wazee walifanya nini walipoiona. Ukurasa mmoja kama huo ni hazina ya kijiji.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Kilimia kinaweza kutuambia nini, na kitu gani hakiwezi kutuambia?

2. Kijijini kwetu kuna taa ngapi zinazomulika juu? Ni za nani, na nani atakwenda kuzungumza naye kwa upole?

3. Tuna mtoto yeyote asiyeona vizuri giza linapoingia? Tumpeleke lini zahanati?

4. Ni mzee yupi kijijini anayezijua nyota kuliko wote, na nani kati yetu atakwenda kuandika maneno yake kabla ya mkutano ujao?